Kutoka Idd Hadi Vunja Jungu: Mwaka wa Chama cha Taarab

Kurasa hizi, kama ilivyo desturi yake, huzungumza juu ya jua la kuanikia, bei ya kilo na mikarafuu inayokauka kabla ya wakati wake. Mara hii twaomba ruhusa ya ndugu wanachama tuzungumze juu ya jambo jingine, ambalo mtu akilitazama vyema ataona kuwa haliko mbali na karafuu hata kidogo: vyama vyetu vya taarab, na jinsi vinavyoupitisha mwaka. Sisi tukaao Mpendae, ambao msimu ukiingia twahamia shamba na ukesha twarudi mjini kwa ajili ya skuli za watoto, hatukosi kuisikia taarab kila upande, na jina la mtaa wetu lenyewe lafanana na neno lililoanguka kutoka katika wimbo wa mapenzi. Lakini kusikia ni jambo moja, na kujua kazi iliyofanywa hata wimbo ukafika masikioni ni jambo jingine.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tunapowaona waimbaji wamekaa mbele ya wapiga fidla, wamevaa sare, nyuso zimetulia, hudhani kuwa hiyo ndiyo kazi iwapayo riziki. Sivyo. Vyama viwili vikubwa vya hapa Unguja, yaani Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905, na Mila na Utamaduni chenye nyumba yake Vuga, ambacho watu hukiita Culture na ambacho kilianza mwaka 1958, vilijengwa na watu wenye shughuli zao. Hawa ni makarani, walimu, mafundi cherehani na wafanya biashara, ambao wakishamaliza kazi za mchana na kuswali na kula huchukua njia kwenda kwenye nyumba ya chama. Huko hukaa mpaka usiku kuurudia mstari mmoja mara kumi. Fedha ya mwenye harusi ikija, hutolewa kwanza gari, kisha nyuzi na matengenezo ya ala, na kinachobaki kikigawiwa kwa watu ishirini au zaidi, mtu hawezi kununua nacho kitu cha kujisifia. Wanaoimba huimba kwa kuwa wanapenda.

Sasa mwaka wenyewe. Chama cha taarab hakihesabu Januari hadi Desemba. Huhesabu kama walivyohesabu wazee wetu, ambao baada ya Ramadhani waliita miezi kwa mfungo: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, na kurudi tena Ramadhani. Mfungo Mosi ndio mlango wa mwaka. Siku za Idd, watoto wakiwa Mnazi Mmoja na nguo zao mpya na shilingi zao mkononi, wakubwa hungoja usiku. Idd ndiyo siku ya kuonyesha wimbo mpya, na chama kisicho na wimbo mpya siku hiyo hakina la kusema.

Usiku wa taarab ya desturi hufunguliwa na bashrafu, yaani muziki mtupu usio na maneno. Wapigaji huonyesha kwa bashrafu kuwa ala zimepatana, na wasikilizaji hupata nafasi ya kukaa vizuri na kumaliza salamu zao. Kisha mwimbaji husimama, ala zikatangulia, naye akatoa ubeti wa kwanza. Hapo ndipo inapoonekana kazi ya watu tunaotaka kuwasifu khasa, nao ni waitikiaji. Hawa hukaa safu moja, na mara nyingi wengi wao ni wanawake. Mwimbaji akimaliza ubeti, wao hupokea kiitikio, na fidla huwajibu. Mwimbaji mmoja akiugua, mwingine aweza kushika nafasi yake usiku ule ule, lakini safu ya waitikiaji ikivunjika wimbo husimama upande.

Kuna tofauti moja inayofaa kuelezwa kwa wale waliozoea kwaya. Kwaya za makanisa, kama lile la Mkunazini ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, huimba kwa sauti nne: wanawake sehemu zao mbili, wanaume sehemu zao mbili, na uzuri wake ni katika kupandana kwa sauti hizo. Waitikiaji wa taarab wote huimba sauti moja, nazo fidla, ganuni na udi hufuata sauti hiyo hiyo, kila ala ikiirembesha kwa namna yake. Mtu aweza kudhani kuwa hii ni rahisi zaidi, na kwa kuingia ni rahisi kweli. Lakini mahali pa kujificha hapana. Katika safu ya watu kumi wanaoimba sauti moja, mmoja akipanda juu kidogo tu kila sikio humjua. Tena makamu za Kiarabu kama bayati na rasti zina sauti zilizo baina ya sauti, ambazo huzipati katika kinanda cha kawaida, na mwanafunzi huzipata kwa kukaa karibu na mtu azijuaye. Kitabu hakitoshi.

Na maneno nayo yana sheria yake. Mtunzi huleta shairi kwa karatasi, mara nyingi mistari mitatu mitatu kila ubeti, kila mstari vipande viwili vya mizani minane. Mizani ikizidi moja, mpigaji atalazimika kuvuta au kumeza, na wasikilizaji wetu, ambao wengi wamekua na mashairi tangu utoto, huanza kutazamana. Baadhi ya vijana huleta shairi zuri la maana lakini mizani ina kilema, nao wakiambiwa hukasirika. Wangekumbuka kuwa hata pishi lina kipimo chake!

Baada ya Idd ya Mfungo Mosi huja harusi, na hazikomi mpaka Mfungo Tatu, iliyo na Idd nyingine. Harusi ndiyo iwekayo chama hai. Hapa Mpendae, kama mitaa mingine ya Ng'ambo, hufungwa turubai njiani, viti vikapangwa, na wanawake wakaja wamevaa kwa makundi. Desturi ya kutunza kila mmoja anaijua: ubeti ukimgusa mtu, huinuka na noti mkononi, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamkabidhi mwimbaji na kurudi. Pengine ubeti huo humgusa kwa furaha, na pengine yuko jirani yake mle mle ambaye amekusudiwa. Fumbo la taarab halitaji jina la mtu, na kwa hiyo hapana awezaye kushitaki. Twajua ugomvi ulioanza kwa noti ya shilingi elfu moja ukaendelea misimu miwili.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, taarab hupunguza sauti na kuzipisha kasida. Mtaa kwa mtaa husomwa maulidi, na mahali pengine husomwa maulidi ya homu, ambapo wanaume hupanga safu wamepiga magoti, matari yakilia, miili ikiinama na kuinuka pamoja kama shamba la mpunga lililopitiwa na upepo. Anayesikiliza kwa makini hutambua kuwa sauti nyingi ni zile zile alizozisikia usiku wa Idd. Kijana aliyefundishwa kasida chuoni na mwalimu wake wa Kurani amekwisha kujifunza kushusha pumzi, kutamka herufi na kungojana na wenzake. Akienda kwenye chama cha taarab huenda na nusu ya elimu mkononi. Wazee wengine hawapendi kusikia hivi, nasi hatutaki kubishana nao.

Sasa tufike kwenye karafuu. Mwaka wa mfungo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na mikarafuu haijui hesabu hiyo. Kwa hiyo msimu wa kuchuma na mwaka wa chama hukutana, hupishana, na hukutana tena baada ya miaka thelathini na mitatu hivi. Kati ya mwaka 2010 na 2013 Ramadhani iliingia mara Agosti, mara Julai. Mwezi wa Shaabani, ambao watu wetu hupenda kuoza kabla ya kufunga, ulianguka kabla karafuu hazijauzwa, mfukoni hamna kitu. Mzee mwenye mabinti wawili alikuwa na njia mbili: kukopa, au kuwaambia wakwe wangoje Idd. Mwaka 2026 Ramadhani iliingia Februari, na Shaabani yake ikaangukia Januari na Februari, wakati ambao mwenye karafuu ana kitu. Kwa chama cha taarab tofauti hii ni kubwa. Mwaka ambao fedha ya karafuu hutangulia harusi, chama hununua nyuzi mpya. Mwaka ambao harusi hutangulia karafuu, chama huambiwa, "Mtalipwa tukishauza."

Neno hilo la "tukishauza" tumelisikia mara nyingi mno kuliko tungependa, na lasemwa na watu wa kazi yetu. Mwenye lori halingoji. Mpishi wa pilau hangoji, wala mwenye kukodisha viti. Huambiwa angoje yule aliyeimba mpaka saa nane za usiku na ambaye asubuhi ana kazi ya watu. Wengine hulipwa nusu, wengine husahauliwa kabisa, na kwa kuwa ni jamaa na majirani huona haya kudai. Jambo hili tumelitaja waziwazi kwa sababu chama kisichokuwa na mshahara hakifi kwa siku moja. Hupungukiwa mpiga fidla mmoja mwaka huu, waitikiaji wawili mwaka ujao, mpaka usiku mmoja harusi ikahitaji chama na chama hakipo.

Na deni letu kwa taarab ni la zamani zaidi kuliko harusi zetu. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, ndiye ambaye kwa masimulizi yote alileta wapigaji kutoka Misri wamstareheshe katika jumba lake, na ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi usiosemeka, na tangu hapo Pemba ikaitangulia Unguja kwa karafuu. Pamoja na msiba huo, hazina ya Sultani iliendelea kutegemea sana ushuru wa karafuu. Nauli ya mpiga ganuni, basi, na chakula cha wapigaji wa jumbani, kwa sehemu kubwa vilitoka juu ya mti, kwa mikono ya wachumaji ambao wenyewe hawakualikwa kusikiliza. Wengi katika waliopanda na kuchuma zama hizo walikuwa watumwa. Haya nayo yafaa kukumbukwa bashrafu inapopigwa.

Taarab ilitoka jumbani ikaingia mitaani, na aliyeitoa kuliko mwingine yeyote ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye zamani aliuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, kwa Kiswahili, na santuri hizo zikauzwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Baada yake wanawake wa mji huu waliunda vyama vyao wenyewe, kama Nuru el Uyun na Sahib el Arry, vyenye sare, viongozi, ada na mashindano makali. Vyama hivyo vilikuwa zaidi ya kuimba: mwanachama akifiwa au akiozesha, wenziwe walikuja na mchango. Wengi wa mama zetu na bibi zetu walijifunza kuendesha mkutano na kuweka hesabu ya fedha huko kabla hawajawahi kuitwa kwenye mkutano wowote mwingine.

Shamba nako hakukukosa chake. Anayejua kuchambua karafuu jioni, barazani, taa katikati na mafungu ya makonyo pembeni, anajua kuwa kazi hiyo haiendi bila ya sauti. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na vidole hufuata. Harusi za shamba zikawa na kidumbaki, ambacho huhitaji fidla moja, ngoma ndogo mbili, cherewa, mikwasa, na sanduku lililofungwa uzi kuwa besi. Wako watu wa mjini wanaokidharau kidumbaki kuwa ni taarab ya maskini. Sisi twaona kuwa wapigaji wengi wazuri wa vyama vikubwa walinolewa huko, kwa kuwa katika kidumbaki mpiga fidla yuko peke yake na hawezi kujificha nyuma ya wenziwe.

Turudi kwenye mwaka. Mvua za masika zikiingia, yeyote mwenye ganuni huwa na kazi. Ala hii ina nyuzi sabini na kitu, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na daraja yake hukaa juu ya ngozi. Hewa ikiwa na maji ngozi hulegea na nyuzi zote hushuka, wala hazishuki sawa. Mpigaji hukaa na ufunguo wake kuzirudisha mmoja mmoja, na akifika mwisho ule wa kwanza umekwisha kuteleza. Kuirudisha ganuni katika unyevu wa Aprili kwahitaji subira ile ile ya mtu aliyeanika karafuu na wingu likatokea saa sita.

Je, watu wa kuzirudisha nyuzi hizo watakuwapo? Hapa ndipo hofu yetu ilipo. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, imechukua harusi nyingi. Kinanda kimoja cha umeme hufanya kazi ya fidla sita, na siku hizi hata kinanda hakihitajiki, hupigwa muziki uliokwisha rekodiwa kwa vipaza sauti. Hatusemi kuwa ni haramu kucheza, tumecheza nasi. Twasema kuwa mashine haifundishi mtoto kuitikia. Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapa mjini, na kikawafundisha vijana, wasichana kwa wavulana, ganuni, udi, fidla na ngoma za kwetu, ada ikiwa ndogo. Wako wapigaji wanaosikika leo katika vikundi vya mjini waliotoka pale. Lakini mwaka 2019 chuo hicho nacho kilifika kwenye shida kubwa ya fedha, mpaka ikabidi kuomba msaada hadharani ili kisifunge milango. Mji ulioitwa kwa taarab dunia nzima ulikuwa karibu kukosa mahali pa kuisomesha.

Dunia inaijua, hilo halina shaka. Mila na Utamaduni wamepiga Ulaya mara kadhaa, na mwaka 1996 sahani yao moja iliyotolewa Ujerumani ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya viungo vya Zanzibar. Karafuu zetu, basi, zilikwisha ingia katika muziki bila ya sisi wakulima kuulizwa, wala hatukukasirika. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mzee mno, aliimba mbele ya wageni wa kila taifa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huleta watu ambao hulipa kusikiliza kile ambacho sisi hualikwa bure na hatuendi.

Rajabu ikipita, Shaabani huwa ni mbio. Harusi tatu kwa wiki si ajabu, na waitikiaji huanza kukauka sauti. Wenye busara hunywa maji ya tangawizi, na wako wanaotafuna karafuu moja kabla ya kupanda jukwaani, dawa ambayo sisi tusingekubali kuikataa hata ingekuwa haifai kitu. Siku za mwisho ni za vunja jungu: familia hutoka kwenda pwani na mashamba, hula, huimba, na vyama humaliza ahadi zao. Kisha mwezi ukiandama, kimya. Fidla hutiwa ndani ya masanduku, ganuni hufunikwa kitambaa, mlango wa nyumba ya chama ukafungwa, na waliokuwa wakiimba usiku huenda kuswali tarawehe. Usidhani kuwa kazi imesimama. Mtunzi yuko nyumbani baada ya futari na karatasi yake, anahesabu mizani kwa vidole, maana Idd haiko mbali na wimbo mpya wahitajika.

Kwa wanachama wanaofikiria harusi za miaka ijayo, hesabu ni hii. Ramadhani inazidi kurudi nyuma kuelekea msimu wetu. Mwaka 2030 zitakuwa Ramadhani mbili, moja itaingia mapema Januari na ya pili mwishoni mwa Desemba, na Shaabani itaanguka wakati karafuu ziko juu ya mikeka au hazijafika kwenye mizani. Wenye mabinti na waanze kuweka akiba kuanzia msimu huu, na wapite Vuga mapema kukubaliana bei na siku. Nyumba hufunguliwa jioni, na anayetaka kujaribu kuitikia hakatazwi kuuliza.